Kamera ya Kike Mnaitaka Ukumbini Tu?

Mashoga zangu, na hasa nyinyi mabibi harusi mnaohesabu siku, leo sina habari ya hina wala ya udi. Nina ugomvi, na ni ugomvi wa sisi kwa sisi.

Mfungo Mosi uliopita nilivuka kutoka Pemba kwenda Tanga, harusini kwa binamu yangu, Ngamiani. Siku ya kupamba ukumbi ulijaa, milango ikafungwa, hakubaki mwanamume hata wa kubeba viti. Mpiga video alikuwa binti mdogo tu, mtandio kaukaza, kamera mkononi. Aliingia saa kumi alasiri, akatoka saa sita za usiku. Biriani ilimfikia kila mtu mpaka wapiga ngoma, yeye akasahauliwa. Wakati wa kulipwa, shangazi yetu mmoja akamwambia, "Mwanangu, wewe si wa kike mwenzetu? Tupunguzie." Shilingi 300,000 walizokubaliana zikawa 150,000. Na kijana aliyepiga nikaha msikitini, shughuli ya nusu saa, alipewa 300,000 zake kamili na soda ya kuondokea. Yeye hakuna aliyemkumbusha kuwa ni wa kiume mwenzao.

Sasa tuulizane. Nani mwingine angeifanya kazi ile? Bi harusi kaachia nywele, wakwe wamevua mabaibui, masomo wanacheza mpaka jasho linawatoka. Mwanamume haingii mle, na tunamshukuru Mungu haingii. Katika kazi yote ya picha, ukumbi wa kupamba ndio mahali pekee ambapo mwanamke wa pwani hashindani na mtu. Ndiyo shule yake: anajifunza kupiga penye mwanga mbaya, kuokoa sauti katikati ya vigelegele, kumfuata mama anayelia bila kumwaibisha. Wenzake wanalipa ada kufundishwa hayo. Yeye anayajua, na sisi tunamlipa kana kwamba kaja kutusaidia kuosha vyombo.

Hiyo nusu bei inatugharimu na sisi. Akilipwa nusu hanunui kompyuta. Asipokuwa na kompyuta, anapeleka kadi kwenye studio ya watu, na anayeketi mbele ya skrini kule ni mwanamume. Nasema ninalolijua. Miaka kadhaa nyuma, kwenye harusi ya dada yangu, kamera ilishikwa na mwanamke na sote tukaridhika. Hazikupita wiki mbili, kipande cha bi harusi akicheza kikawa kinazunguka WhatsApp. Studio ikaapa haijui kitu. Dada yangu alikaa miezi hataki kutia mguu shughulini kwa mtu. Tulikuwa tumefunga milango yote ya ukumbi, tukaacha wazi mlango wa studio.

Na hii si habari ya harusi peke yake. Tazameni mwanamke wa Tanga anavyotumiwa kwenye filamu na vichekesho vyetu. Kazi zake ni mbili: kuloga, au kumlisha mume wa mtu limbwata. Baibui likionekana tu, mtazamaji keshajua mchawi kaingia. Tunacheka, kisha tunalalamika kwamba watu wa bara hawatujui. Watatujuaje? Wale wangeweza kutuonyesha tulivyo ndio hao tunaowapunja mlangoni saa sita za usiku.

Bibi zetu sinema waliipenda, tusidanganyane. Unguja kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, wakienda kwa makundi na mabaibui yao kumlilia Raj Kapoor. Tanga nayo ilikuwa na Majestic yake. Na sauti tulizitoa zamani: Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na Shakila binti Saidi, mzaliwa wa Pangani, aliimba na Black Star na Lucky Star za Tanga mpaka pwani nzima ikamjua. Nao walisemwa katika zama zao. Leo tunawaita fahari yetu, tunawapigia kwenye harusi hizo hizo.

Kuhusu kamera, njia imeshapitwa. Flora M'mbugu-Schelling alikwenda Kunduchi akawapiga wanawake waliokuwa wakiponda mawe kwa mikono, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji, akatoa These Hands mwaka 1992. Hakuweka msimulizi, mikono yenyewe inatosha. Seko Shamte aliongoza Binti mwaka 2021, habari ya wanawake wanne wa Dar es Salaam, na walioiandika ni wanawake pia. Mwaka huo huo tukapata Vuta N'kuvute, ya msichana wa Unguja anayeikimbia ndoa. Nimeipenda, sitasema uongo. Lakini kitabu ni cha Adam Shafi na muongozaji ni Amil Shivji. Habari ya ndoa yetu, na aliyeishika kamera si mmoja wetu. Na mpaka hapa bado sijamtaja mwanamke hata mmoja wa Tanga.

Najua wapo watakaoniletea dini. Karibuni, tuzungumze. Mama yetu Aisha (r.a.) amepokewa hadithi zaidi ya 2,000, na wanazuoni hawakuzikataa kwa kuwa msimulizi ni mwanamke. Yeye ndiye aliyetusimulia jinsi alivyosimama nyuma ya Mtume (s.a.w.) akiwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki msikitini, mpaka alipochoka mwenyewe. Kama hofu ni mchanganyiko, Haifaa al-Mansour aliongoza filamu yake Wadjda, ya 2012, mitaani Riyadh akiwa ndani ya gari, akiwapa maagizo watu wake kwa simu ya upepo. Mwenye nia ya kuhifadhi heshima hupata njia. Na nyinyi mnaosema kamera ni haramu kwa binti, mbona mlimwita siku ya kupamba?

Nilimtafutia yule binti sahani ya biriani, tukakaa naye jikoni. Akaniambia ana filamu kichwani, ya kina mama wanaolima mwani Mkinga, bibi yake akiwa mmojawao. Anahitaji siku nne na nauli. Kila akikusanya, hutokea mtu wa kumwomba punguzo la kike mwenzake.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayeolewa, uliza bei na uilipe yote. Uliza nani atahariri, kadi italala wapi, na iandikwe. Mwisho wa video lionekane jina lake, kama linavyoonekana la mpambaji na la muoka keki. Na akikwambia ana filamu yake, mchangie kama unavyochangia sare za harusi ya mtu usiyemjua vizuri.

Binamu yangu aliipeleka ile 150,000 iliyobaki, siku ya tatu baada ya harusi. Shangazi alijua ni mimi niliyemchochea. Mpaka leo kaninunia.