Funguo ya choo ya ploti ina akili kuliko geti la ofisi

Kama unakaa Pipeline kwa hizi ploti za choo cha pamoja, unajua vile funguo ya choo hukaa. Haifungwi na kamba kidogo. Inafungwa kwa kipande cha mbao, ama kwa mwiko wa ugali uliovunjika, ama kwa kitu chochote kikubwa chenye caretaker alipata karibu. Kwetu, ghorofa ya tano, ni mguu wa stuli.

Hakuna mtu amewahi kuenda kazini na hiyo funguo. Haingii mfukoni. Na ukijisahau ushuke nayo ngazi zote mpaka stage, mtu wa kwanza kukuona atakucheka na atakurudisha.

Sasa mbona jengo lenye lifti, kamera na milango ya glasi halijafikiria hivyo?

Juzi nilienda Industrial Area kupeleka barua ya kazi. Kwa geti soja akaitisha kitambulisho, akakiweka kwa kisanduku cha mbao, akanipa beji ya mgeni. Kaplastiki na kamba ya bluu. Nikaivaa shingoni, nikapanda juu, nikaongea na dada wa resepsheni, akaniambia watanipigia. Hiyo tunaijua.

Wakati wa kutoka ilikuwa saa ya lunch. Watu walikuwa wanamiminika kwa mlango wa nyuma, na mimi nikafuata. Nikakata kupitia Mukuru kwa Njenga kwa mguu, nikihesabu shida zangu, mpaka nikafika chini ya ploti yetu.

Mama mboga akaniangalia kifuani akapiga makofi. "Aki Mungu ni mwema! Umepata kazi!"

Nikaangalia chini. Beji yao bado iko shingoni, na kitambulisho changu kiko kwa kisanduku chao.

Unaweza kusema ni kitu kidogo, nirudishe kesho. Lakini kesho asubuhi nilikuwa na kibarua kwa godauni moja. Ukitaka kibarua unajua mambo ni mapema. Kufika saa moja wamemaliza kuchagua watu, na bila kitambulisho hata hausimami kwa laini. Ofisi yenye iko na kitambulisho changu inafungua saa mbili. Kwa hivyo siku yangu ya kazi ikaenda hivyo, juu ya kaplastiki ambako sidhani kanafika bei ya chapati mbili na maharagwe.

Nikarudi kwa geti nimekasirika. Soja alikuwa yule yule, mzee wa rika la baba yangu. Nikampa beji. Akashusha pumzi. "Kijana wangu, jana nimelala vibaya. Hii ikipotea kwa zamu yangu wananikata mshahara."

Hasira yangu ikaisha hapo hapo. Kumbe tulikuwa wawili. Mimi nimepoteza siku, yeye amepoteza usingizi, na jengo halijapoteza kitu.

Hapo ndipo nataka tuongee. Beji ni mali ya jengo. Kama jengo linaogopa itapotea, lichunge beji. Lakini kile linafanya ni kushika kitambulisho changu mateka ili kuchunga kitu chake. Mzigo wote umewekwa kwa mgeni na kwa soja, watu wawili wenye hawana nguvu hapo.

Na teknolojia ya kuchunga beji iko, hata si mpya. Umeona maduka ya nguo zile nguzo mbili kwa mlango? Ukitoka na suruali bado iko na kile kidude, inapiga kelele. Jamaa yake wa karibu ni tegi ya redio. Ndani yake kuna chipu ndogo na antena nyembamba, na haina betri. Mashine iliyo kwa mlango inatuma mawimbi, tegi inaamka kwa nguvu ya hayo mawimbi, inajibu na namba yake. Kuna aina inasomeka mita kadhaa, hata ndani ya plastiki ya beji. Kwa hivyo ukipita mlangoni umevaa beji namba 14, mlango unalia, soja anasema "kijana, beji," unacheka, unairudisha, unaenda kwako. Hakuna kitambulisho kimeguswa.

Si dawa ya kila kitu. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji hudhoofisha hayo mawimbi. Chuma pia. Mtu akitaka kuiba beji kabisa ataificha na mlango unaweza kunyamaza. Lakini jiulize, ni nani anaiba beji ya mgeni? Wengi wetu si wezi. Tumesahau tu. Mtu aliyesahau anahitaji kukumbushwa, na kelele kidogo kwa mlango inatosha.

Najua jibu la wenye majengo: usalama. Na siwezi kulicheka. Huu ni mji uliopitia Westgate 2013 na DusitD2 2019. Beji ikiwa mikononi mwa mtu mbaya, kesho anaweza kuingia nayo. Sawa. Lakini mtu mbaya huyo ataacha kitambulisho cha kuokota ama cha kuiba, na hatarudi kukichukua. Kisanduku cha mbao kinamshika mtu mwaminifu peke yake. Tegi angalau ina namba yake. Ikikosekana jioni, unafuta hiyo namba kwa mfumo, na kesho ikijaribu kuingia mlango unaijua. Kipi hapo ndicho usalama?

Hata sheria imeanza kuona. Sheria ya walinzi wa kibinafsi ya 2016, kifungu cha 48, ilimruhusu soja kukuuliza wewe ni nani, kuandika saa umeingia na umetoka, na kubaki na kitambulisho chako kwa muda. Halafu 2019 ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data, inayosema usichukue habari za mtu kuliko unazohitaji kwa kazi yako. Mwanzo wa 2024 PSRA, mamlaka inayosimamia hao walinzi, ikatangaza kusitisha hiyo tabia ya kubaki na vitambulisho vya wageni. Ilitangazwa. Lakini wewe na mimi tunatembea hii Nairobi, na kile kisanduku tumekiona.

Na kuna kitu kingine hunisumbua. Nyanya zetu hadi leo huita kitambulisho "kipande". Wakoloni walitunga sheria ya kipande 1915, ikaanza kufanya kazi baada ya Vita vya Kwanza. Mwanaume Mwafrika alitembea na karatasi zake ndani ya kikopo cha chuma, kimening'inia shingoni. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, haungeweza kuandikwa kazi kwingine. Harry Thuku na wenzake walipigana na hicho kitu hapa hapa Nairobi. Sisemi soja wa Industrial Area ni mkoloni. Nasema tu kwamba kitu cha wenyewe kikiwa shingoni mwako na karatasi yako ikiwa mkononi mwa mwingine, na kazi ya kesho ikitegemea atakurudishia saa ngapi, wazee wetu wangeitambua hiyo hali haraka sana.

Ndio maana pia nachagua ni tegi gani. Kuna zile za Bluetooth za kufungwa kwa funguo ama begi, kama AirTag iliyotoka 2021. Hizo ziko na betri, na simu za watu zinazopita karibu husaidia kusema ziko wapi. Ni nzuri kwa begi lako mwenyewe. Lakini ukiniwekea hiyo kwa beji, nikisahau nayo, inanifuata mpaka Pipeline, inawaambia nalala wapi. Hapana. Mimi nataka ile ya kupiga kelele kwa mlango halafu inyamaze. Ijue beji namba 14 imetoka. Isijue mimi naitwa nani wala nanunua sukuma wapi.

Gharama? Tegi zenyewe ni rahisi ukinunua nyingi. Mashine ya mlangoni ndiyo iko na bei. Jengo lenye ofisi ishirini linaweza, kama liliweza lifti. Kama ni godauni ndogo na haiwezi, basi nunua kamba ya rangi ya machungwa inayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara, weka sanduku la kurudishia beji kwa kila mlango wa kutokea, ukiwemo wa nyuma. Ama fanya beji iwe kubwa kama sahani, mtu aone aibu kupanda nayo matatu. Na popote ilipo, acheni kumkata yule mzee mshahara kwa kosa la mlango ambao hakuwekwa kuuchunga.

Caretaker wetu hajasomea mifumo. Lakini alielewa kitu kimoja: ukitaka kitu kisiondoke, weka alama kwa hicho kitu. Hajawahi kuniambia niache kitambulisho ndio niende choo.

Wewe je, umewahi kufika nyumbani na beji ya watu shingoni? Na ilikugharimu nini kurudishiwa jina lako?