Rizki na Muuzaji Aliyenyamaza

Mara nyingi tunamsikia mwenye duka dogo akilalamika kuwa biashara imekwama kwa sababu rizki yake ndiyo hiyo. Ukimtembelea, utamkuta amejiinamia nyuma ya meza, bidhaa zimejaa vumbi, na mteja akiuliza bei hujibiwa kwa mkato. Hali hiyo kuiita tawakkul ni kuidhulumu tawakkul.

Abdurrahman bin Auf (r.a.) aliingia Madina akiwa muhajiri asiye na kitu. Saad bin Rabii, Ansari aliyeunganishwa naye kwa udugu, alijitolea kumgawia nusu ya mali yake. Akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko. Akaelekezwa soko la Banu Qaynuqaa, akarejea na jibini kavu na samli. Kesho yake akaenda tena. Hakuona haya kuanza na vitu vidogo mbele ya watu wasiomjua.

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kunadi bidhaa ni tamaa ya dunia. Kilichokatazwa ni kiapo cha uongo na kuficha kasoro, kama yule muuza nafaka aliyeacha iliyolowa mvua ikae chini ya kavu. Kumwambia jirani kuwa unao mchele mzuri, na bei yake ni kadha, kuna dhambi gani? Ndugu yetu mwenye duka, jana wamepita wangapi mlangoni pako bila hata kusalimiwa?