Pensheni ya Mwalimu Nayo ni Utu

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007 katika vilima vya Chimwaga, hakikujengwa na mabepari. Sehemu kubwa ya majengo yake ilitokana na mikopo ya mifuko ya hifadhi ya jamii, yaani michango ya wafanyakazi wenyewe. Mwalimu wa Mpwapwa na karani wa Manyoni walitoa tofali kabla watoto wao hawajaketi darasani.

Uwekezaji wa namna hiyo ni wa haki. Faida isiyotazama watu na ardhi yao haidumu, na nyanda hizi zina ushahidi. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa ili kujipatia mafuta ya kula, bila kupima vya kutosha udongo wala mvua ya Ugogo. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, na hasara ikafikia pauni milioni 36 hivi.

Lakini liko kosa la pili, nalo huvaa joho la wema. Ni kudhani kwamba mradi ukishaitwa wa huduma, deni lake laweza kungoja. Mfuko wa pensheni si sanduku la sadaka. Rejesho linapochelewa, mzee aliyefundisha miaka 35 hugeuzwa mfadhili bila kuulizwa, na uzee wake ndio unaolipa riba.

Serikali imekwisha kuonyesha kwamba jambo hili lina dawa. Katika mwaka wa fedha 2021/22 iliipa PSSSF hati fungani maalumu ya shilingi trilioni 2.17 ili kupunguza deni la watumishi waliokuwa kazini kabla ya mwaka 1999, kabla michango haijaanza. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Ila ingefaa zaidi kama deni lisingeachwa likomae kiasi hicho.

Kwa hiyo tunasema: kila mradi wa jamii unaojengwa kwa fedha za wanachama uwe na ratiba ya marejesho na fungu lake katika bajeti kabla mkataba haujatiwa saini. Wawakilishi wa wafanyakazi katika bodi za wadhamini wasione haya kuuliza, na majibu yao yawafikie wanachama.

Dawa ya deni ni kulipa. Taifa linalojenga vyuo kwa jasho la walimu halina budi kuwatunza walimu hao uzeeni. Hapo ndipo faida na utu hukutana.