Hifadhi Si Chelezo: Istilahi za Ghala la Data na Hatima ya Maandishi ya Kiswahili

Neno hifadhi ni miongoni mwa maneno yaliyotwikwa kazi nyingi mno katika Kiswahili cha leo. Mbuga ya wanyama ni hifadhi. Mkimbizi hupewa hifadhi. Mwandishi amalizapo kuchapa aya yake katika tarakilishi hubofya palipoandikwa hifadhi. Diski inayoitunza aya hiyo nayo huitwa hifadhi. Na nakala ya pili iwekwayo kando kwa kuhofia ajali huitwa vivyo hivyo. Neno kuwa na maana nyingi si kosa. Lugha zote zina maneno ya namna hiyo, na fasihi hunufaika nayo. Hata hivyo, katika uwanja wa istilahi, neno moja likibeba dhana nne ambazo zikichanganywa huleta hasara, huo si utajiri tena bali ni mtego. Makala haya yanadai kwamba mtego huo umekwisha kutegwa, na kwamba wanaoukaribia zaidi ni wanafunzi na walimu wa Kiswahili wenyewe.

Tasnifu ambazo zamani ziliwasilishwa kwa nakala za karatasi zilizojalidiwa, siku hizi huwasilishwa pia kwa nakala za kielektroniki. Rekodi za malumbano ya mashairi, mahojiano na wazee wa pwani, na picha za miswada iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, zote huishia katika diski. Mtafiti akiuliza iwapo kazi yake i salama, hujibiwa kwamba imehifadhiwa. Jibu hilo ni sanifu kisarufi, lakini halimwambii lolote. Je, imewekwa tu mahali fulani? Imegawanywa katika diski kadhaa ili moja ikifa nyingine zisalie? Ina nakala ya kando? Imekabidhiwa makavazi yatakayoitunza kwa vizazi? Hayo ni maswali manne, ilhali neno ni moja.

Ili tofauti hizo zibainike, ni muhimu kuelewa jinsi data inavyosafiri na kutunzwa. Katika tarakilishi ya mtu binafsi, diski imo ndani ya kasha lile lile la mashine. Katika taasisi kubwa mambo ni tofauti. Diski hukusanywa katika ghala moja, seva zikawa mahali pengine, na kati yao hujengwa mtandao wa pekee ambao kazi yake ni kupeleka na kurudisha data baina ya seva na ghala. Mojawapo ya taratibu mashuhuri za mtandao huo ni Faiba Chaneli, ambayo viwango vyake vya kwanza viliidhinishwa Marekani mwaka 1994.

Utaratibu huo una adabu yake. Mtandao wa kawaida, kama ule upitishao baruapepe, huruhusu pakiti kutupwa njiani msongamano unapozidi. Iliyopotea hutumwa upya. Katika Faiba Chaneli, mpokeaji hutangaza mapema ana nafasi ngapi tupu. Mtumaji hupunguza nafasi moja kila atumapo fremu ya data, na hesabu ikifika sifuri husimama hadi arudishiwe ruhusa. Ndivyo meli ingojavyo nje ya Bandari ya Mombasa mpaka gati lipatikane. Faida yake ni kwamba mzigo hautupwi baharini kwa kukosa mahali pa kuteremshwa. Hasara yake ni kwamba mpokeaji mmoja mzito akichelewa kurudisha ruhusa, foleni hurudi nyuma hadi ikawakwamisha wasiohusika.

Fauka ya hayo, mtandao wa ghala huhitaji mipaka. Swichi hugawa mtandao katika mitaa, na seva ya mtaa mmoja haiwezi kuliona ghala la mtaa mwingine. Mipaka hiyo si ya usiri peke yake. Seva mbili zisizoshauriana zikiandika katika diski moja, kila moja ikidhani diski ni yake, huharibiana kazi bila hata moja kujua.

Kisha kuna suala la njia. Wahenga walinena kwamba njia mbili zilimshinda fisi, na methali hiyo yaelekea kutungwa kwa ajili ya mafundi wa maghala ya data. Seva huunganishwa na ghala kwa njia mbili kamili, kila njia ikiwa na waya wake na swichi yake, ili moja ikikatika nyingine iendelee. Lakini seva iliyoachwa bila mwongozo huiona diski moja kupitia njia mbili na kuihesabu kuwa diski mbili. Kwa sababu hiyo huwekwa programu maalumu ya kuitambulisha seva kwamba njia ni mbili lakini mwisho wa safari ni mmoja, na ya kuchagua njia ipi ipitwe wakati gani.

Ndani ya ghala lenyewe mna hila nyingine. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala yaliyoeleza jinsi ya kuunganisha diski nyingi za bei nafuu ili zifanye kazi kama diski moja isiyoogopa kifo cha mwenzake. Mpango huo hujulikana kwa kifupi kama RAID. Namna moja ni ya pacha: kila kiandikwacho katika diski hii huandikwa papo hapo katika ile. Namna nyingine ni ya hesabu. Tuseme diski tatu zina namba 4, 7 na 5, na diski ya nne ikatunza jumla, yaani 16. Diski yenye 7 ikifa, mashine hutoa 4 na 5 katika 16, na 7 hurudi. Hesabu halisi ya mashine hutumia tarakimu za 0 na 1, lakini mantiki ni hiyo hiyo.

Hapa ndipo neno hifadhi linapopotosha. Mtu aonapo diski pacha, njia mbili na swichi mbili, husadiki kwamba data imehifadhiwa kwa kila maana ya neno hilo. La hasha. Pacha hulinda dhidi ya kifo cha diski. Hawezi kulinda dhidi ya kosa la binadamu au la programu, kwa kuwa kifutwacho upande huu hufutwa papo hapo upande ule. Wala hawezi kulinda dhidi ya moto uunguzao chumba kizima, maadamu wote wawili wamo chumbani humo.

Mifano haikosekani. Kati ya tarehe 14 na 16 Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza takriban terabaiti 77 za data za utafiti kutoka katika ghala la tarakilishi yake kuu. Mafaili yapatayo milioni 34 ya makundi 14 ya watafiti yalifutwa, na data za makundi manne hazikuweza kurejeshwa. Kilichofuta hakikuwa kirusi wala mwizi. Ilikuwa ni programu ya kunakili data kwa usalama, ambayo ilirekebishwa ikiwa bado inaendeshwa, ikaishia kufuta mafaili ya watafiti badala ya kumbukumbu zake za zamani. Nayo Korea Kusini ilipatwa na msiba mkubwa zaidi tarehe 26 Septemba 2025, pale moto ulioanzia katika betri za lithiamu ulipoteketeza sehemu ya kituo cha data cha taifa mjini Daejeon. Ghala la nyaraka za watumishi wa serikali lenye terabaiti 858 liliangamia. Ukubwa wake ulikuwa umetolewa kuwa sababu ya kutowekewa nakala mahali pengine. Kwa lugha ya kawaida, nyaraka hizo zilikuwa zimehifadhiwa.

Kwa mintarafu hiyo, Kiswahili kinahitaji istilahi nne zisizoingiliana, na kwa bahati njema malighafi imo nyumbani. Mahali data inapokaa na kutumiwa kila siku paitwe ghala. Nakala inayokwenda sambamba na ya kwanza, ikiandikwa na kufutwa pamoja nayo, iitwe pacha. Mahali pa kudumu pa kazi zilizokamilika paitwe makavazi, neno ambalo Wakenya wamekwisha lizoea. Na nakala ya kando, iliyotengwa kwa wakati na kwa mahali, ambayo haifuati mabadiliko ya ya kwanza mpaka iamriwe, iitwe chelezo.

Neno hili la mwisho linastahili kutetewa zaidi, kwani limewahi kutumiwa katika tafsiri za programu bila kupewa nafasi lilistahililo. Chelezo latokana na kitenzi elea. Ni kitu kieleacho, na ambacho humfanya mtu aelee. Mwana wa pwani alijuaye neno hilo hahitaji kufunzwa kwamba chelezo si chombo cha pili cha kusafiria, wala si sehemu ya ubavu wa chombo kile kile. Thamani yake huonekana siku chombo kinapozama, na kilichopigiliwa misumari sakafuni huzama nacho. Istilahi yenye kubeba onyo ndani ya asili yake ni bora kuliko ile inayoliwaza sikio tu.

Historia ya fasihi ya Kiswahili yenyewe inathibitisha haja hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Tungo zake nyingi zilibaki vinywani mwa watu, na laiti zingaliachwa humo pekee, nyingi zingalikufa pamoja na waliozikumbuka. Mwalimu Sikujua, naye wa Mombasa, alizikusanya akiziandika, na akamfafanulia mmishenari W. E. Taylor maana zake. Karatasi za Taylor zilifika London, na mwaka 1940 William Hichens akazitoa tungo hizo kwa chapa huko Johannesburg. Kumbukumbu ya watu, karatasi, kisha chapa. Mombasa, London, kisha Johannesburg. Wataalamu wa data wa leo wana kanuni waiitayo tatu-mbili-moja: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja kati yake ikiwa mahali pengine. Diwani ya Muyaka ilikidhi kanuni hiyo kabla haijapewa jina.

Hata hivyo, nakala kuwa mbali haitoshi iwapo njia ya kuifikia haijachunguzwa. Tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na nchi jirani. Kwa majina zilikuwa kebo mbili. Kwa mahali, zilipita ufuko mmoja. Taasisi iliyoweka chelezo chake ng'ambo pekee haikupoteza data siku hiyo, lakini ilijifunza kwamba kuwa na mali na kuifikia ni mambo mawili. Chelezo cha karibu na chelezo cha mbali havishindani. Kila kimoja huziba pengo la mwenzake.

Wapo watakaopinga kwamba haya ni mambo ya wahandisi, na kwamba mwanafunzi wa ushairi hana haja ya kujua fremu hupitaje katika swichi. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Mhandisi huijua mashine, lakini neno ni mali ya lugha, na mwenye idara anayeidhinisha ununuzi wa vifaa huamua kwa kutumia neno alilopewa. Akiambiwa kwamba hifadhi tayari ipo, hataona sababu ya kugharimia nyingine. Akiambiwa kwamba ghala lipo, pacha yupo, lakini chelezo hakuna, ataliona pengo waziwazi.

Wengine watasema kwamba matumizi yamekwisha kuamua. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na tangu hapo maneno ya menyu yameendelea kuwaingia watumiaji. Ni kweli, na hakuna haja ya kuliharamisha neno hifadhi. Litabaki kitenzi cha jumla, kama lilivyo katika mazungumzo. Kinachokataliwa ni kulifanya jibu la swali la kitaalamu. Mabishano ya miaka mingi kuhusu tarakilishi, ngamizi na kompyuta yalihusu jina tu, kwani dhana ilikuwa moja na kila mtu aliijua. Hapa hali imegeuka: jina ni moja, na dhana ndizo zilizo nyingi. Kwa hakika mgogoro wa aina hii ni hatari zaidi, kwa kuwa hauleti kelele.

Funzo kwa waundaji wa istilahi ni kwamba kutafsiri neno pasi na kuijua kazi ya kitu ni kujenga bila msingi. Warsha ya istilahi za tarakilishi isiyo na fundi wa ghala la data mezani itazaa orodha ndefu ya visawe visivyotofautisha lolote. Vilevile fundi asiye na mwanaisimu pembeni yake ataishia kukopa kila kitu. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vyaweza kuwakutanisha wawili hao, na kuanzia nyumbani: kila chama kijiulize tasnifu na rekodi za idara yake ziko katika ghala gani, chelezo chake kiko wapi, na lini kilijaribiwa kwa kurejesha faili hata moja.

Akiba haiozi, walisema wazee. Walikuwa wakizungumzia akiba ambayo mwenyewe huifungua, akaihesabu, akairudisha. Akiba ya leo huoza kimya, ndani ya kasha lenye taa za kijani zinazowaka kana kwamba mambo yote ni shwari. Kiswahili kikipata maneno ya kuuliza vyema, wenye kazi hizo watajua mapema, kabla ya moto na kabla ya kidole kukosea, kile walicho nacho na kile wasicho nacho.