Mwaka Mmoja Chuoni na Safari Ndefu ya Hisabati

Mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulipoanza, mafunzo ya ualimu wa Daraja la A yaligawanywa: mwaka mmoja chuoni, mwaka wa pili shuleni, mwanachuo akifundisha. Sababu twaifahamu, madarasa yalijaa watoto na walimu hawakutosha. Hata hivyo, mwenye kiu ya hisabati, anayetamani kufikia shahada na hata uzamili, aliondoka mapema kabla ya kuonja jambo lililo kubwa: hisabati ya huko juu haitosheki na jibu, hudai sababu.

Wapo wanaomshauri mwalimu wa namna hiyo akimbilie vyeti. Sisi hatukubaliani nao. Aliyepangiwa kijiji ng'ambo ya mto Kilombero anaweza kuanza kesho, tena mbele ya wanafunzi wake. Apange miche ya mpunga: mmoja, kisha aongeze mitatu kwa pande mbili, kisha mitano, kisha saba. Kila mara mraba hukamilika: 1, 4, 9, 16. Je, itakuwa hivyo daima? Mraba wenye miche k kila upande, ili ukue, huhitaji k ubavuni, k juu na mmoja wa kujaza pembe, yaani 2k + 1, nayo ndiyo namba witiri inayofuata. Huo ni uthibitisho kamili, na mtoto wa darasa la sita huuelewa.

Mwalimu na aandike uthibitisho mmoja kila juma katika daftari lake, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, maana sekondari na chuo kikuu vitamdai lugha hiyo. (Wengi hukwama kwa lugha, wakadhani wamekwama kwa hisabati.) Mtihani wa kidato cha sita aweza kuufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Wala asidhani kwamba elimu hiyo haina kazi bondeni. Ifakara kuna utafiti wa malaria. Ronald Ross, daktari Mwingereza, alionyesha kwa milinganyo kwamba si lazima kuua mbu wote. Wakipunguzwa chini ya kiwango fulani, ugonjwa hufifia wenyewe. Kiwango hicho hakionekani kwa hadubini; hupatikana kwa kalamu na karatasi.