Uso Haupimwi kwa Rula



Siku hizi vijana hupiga picha nyuso zao, kisha huzipima kwa programu za simu: pembe ya jicho, upana wa taya, urefu wa pua. Kona ya nje ya jicho ikiwa juu kuliko ya ndani, mtu husifiwa. Ikiwa chini, picha yake hufanywa kichekesho na kusambazwa. Wapo hata wanaoshauriana kujigonga mifupa ya uso kwa nyundo ili taya lichongoke!

Sisi majirani wa Rwanda tusilione jambo hili kuwa geni. Huko wakoloni wa Kibelgiji walipima pua na vichwa vya watu ili kuhalalisha kuwabagua, na katika miaka ya 1930 wakawaandikia kabila katika vitambulisho. Mwaka 1994 watu waliuawa kwenye vizuizi vya barabarani kwa sababu ya neno hilo moja. Hatusemi mizaha ya simu ni sawa na mauaji yale. Tunasema kipimo cha pua hakijawahi kueleza thamani ya mtu.

Surat At-Tin inatufundisha kwamba mwanadamu ameumbwa kwa umbo bora. Basi wazazi, mtoto akishinda kwenye kioo tusimcheke. Tumuulize kwa upole nani kamwambia ana kasoro. Nanyi vijana, kabla ya kusambaza picha ya mwenzenu kumbukeni: uso ule hakujichagulia.

Wabillahi tawfiq.