Viumbe vya Mungu: Nondo Asiyekula

Mti wa mkaratusi mwaujua. Wengi wetu tumeupanda kwa kuni na nguzo. Asili yake ni Australia, na huko ndani ya shina lake hukua nondo ambaye kwa uzito huwapita nondo wote wa dunia.

Jike huweza kupata gramu 30, na mabawa yake yakikunjuliwa hufika sentimeta 23. Dume ni kama nusu yake. Rangi yao ni ya kijivu, kama ganda la mti. Mwaka 2021 mafundi waliojenga madarasa katika shule moja ya Queensland walimkuta jike mmoja hapo kazini, wakastaajabu.

Jike hutaga mayai madogo mno, hata 20,000. Kiwavi akiisha kuanguliwa hushuka chini kwa uzi wa hariri. Baadaye hutoboa shina la mkaratusi, akakaa humo gizani akila na kunenepa, hata wakati wake wa kugeuka ufike.

Lakini akiisha kupata mabawa, hana tena kinywa cha kulia. Huishi siku chache tu kwa akiba aliyoiweka alipokuwa kiwavi. Huzaa, kisha hufa.

Enyi wazazi na walimu, kiwavi aliyekosa chakula ndani ya mti hatakipata tena akiwa na mabawa. Watoto wetu wangali nasi nyumbani na shuleni. Tuwalishe neno jema leo, kabla hawajaruka.